Naomba ushauri: svchost inayoendeshwa nje ya System32

Wakuu habari zenu, kompyuta ya nyumbani inanipa wasiwasi sana. Nikiiacha tu bila kuigusa feni inaanza kuvuma kwa nguvu, nikifungua Task Manager CPU iko juu 90% halafu ghafla inashuka, yani kama kuna kitu kinajificha kikijua kinaangaliwa. Leo nimekiwahi, juu kabisa kuna svchost.exe (programu ya Windows inayoendesha huduma za mfumo), najua svchost kuwa nyingi ni kawaida kwenye Windows ila nilipofungua mahali faili lilipo haikunipeleka System32 (folda ya mfumo wa Windows inakotakiwa kuwa), imenipeleka kwenye folda iliyo ndani ya AppData\Roaming yenye jina la herufi zisizoeleweka, na faili lenyewe halina saini yoyote ya kidijitali. Nikiiua inarudi yenyewe.

Nahisi ni zile programu zinazochimba sarafu za kidijitali kwa siri, lakini kinachoniumiza zaidi ni paswedi maana familia nzima tunatumia kompyuta hii na akaunti za benki zinafunguliwa humu humu. Intaneti nimeshakata.

Sasa nianze na skani ya Defender (antivirusi ya Windows) ile inayofanyika kabla Windows haijawaka, au nitafute kwanza kwenye Task Scheduler (sehemu ya Windows inayopanga kazi za kujiendesha zenyewe) nini kinairudisha? Au nitoe picha na dokumenti tu nipige Windows upya? Paswedi naona nizibadilishie kwenye simu, sio humu. Aliyewahi kusafisha kitu cha namna hii anielekeze tafadhali, na flashi niliyokuwa nachomeka humu nayo niifanyeje?