Naomba ushauri: helikopta ilizungushwa na upepo tukinyanyuka, na Jumatatu natakiwa kupanda tena

Fundi Minara: Wakuu, heshima kwenu. Kazi yetu iko kwenye mteremko wa mlima, karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Juzi tulipanda mafundi wanne, na helikopta iliponyanyuka tu upepo ulibadilika, mkia ukazunguka hadi pua ikatazama kilele tulichokuwa tumekipa mgongo, rubani akaishusha kwa kishindo. Hakuna aliyeumia. Je, kiti cha nyuma kina usalama zaidi?

Mzee wa Anga: Suala la kiti liache kwanza. Mliondoka saa ngapi?

Mama Neema: Mwanangu, mlisali? Shemeji yangu nahodha hang'oi nanga bila dua.

Kipara: Hata ile ya mmiliki wa klabu ya soka ya Leicester, Uingereza, mwaka 2018, iliyoanguka ikitoka uwanjani, ilikuwa upepo huo huo.

Mzee wa Anga: Sivyo. Wachunguzi wa Uingereza walikuta beringi ya rafadha ya mkia imeharibika. Mleta mada, nimekuuliza saa.

Fundi Minara: Saa kumi na moja jioni. Lakini mkataba unadai kazi ya siku nzima, posho inaridhisha, na fomu ya kukubali safari zote nimeshaisaini.

Mzee wa Anga: Ndiyo maana uliificha. Mchana jua hupasha mteremko na upepo hupanda, hivyo rubani anayeondoka akielekea bondeni huupata usoni, nao humsaidia kupaa. Jioni mteremko ukipoa, upepo hugeuka na kushuka. Anayeondoka kwa mwelekeo ule ule husukumwa mgongoni, huhitaji nguvu zaidi ya injini mahali ambapo hewa imepungua kwa takriban theluthi moja, na chombo hutaka kugeuza pua kuuelekea upepo, kama mashua iliyotia nanga. Ombeni kuondoka asubuhi.

Kipara: Mimi naona hii ni hadithi ya kutunga. Mafundi wanne, rubani na vifaa vya mnara, kutoka urefu huo?

Fundi Minara: Vifaa tuliviacha juu, rubani alivikataa.

Mzee wa Anga: Basi uzito aliupima, saa hakuipima.

Fundi Minara: Nimekuelewa, mzee wangu, ila tukiondoka asubuhi tutalala mlimani, na bosi hajatenga fedha za mahema.

Kipara: Tuwekee picha ya hiyo fomu, ukifuta majina.