Mashimo ya majaribio kando ya barabara: vigae viwili vyatosha kusimamisha kazi?

Msimamizi wa Mitaro, Moshi
Wakubwa, shikamooni. Ninasimamia vibarua wanaoandaa mtaro wa maji ya mvua kando ya barabara, upande wa Himo. Kabla ya kazi kuanza tuliagizwa kuchimba mashimo ya majaribio, mtaalamu wa mambo ya kale akiwa amesimama ukingoni muda wote. Jana, katika kina cha mita moja hivi, alisimamisha kijiko cha mashine ya kuchimba kwa sababu ya mstari mweusi wenye vigae viwili vya chungu, nasi tukakaa bure hadi saa tisa. Je, hiyo ni haki?

Mchimbuaji, Arusha
Marahaba, ndugu. Anachokitafuta si vigae, bali mahali vilipolala. Kigae kilichokwisha kutupwa kwenye kifusi hakisemi kitu, ilhali kikikutwa ndani ya tabaka lake, juu ya mkaa, kinaweza kuonyesha kama hapo palikuwa na jiko, jalala, au udongo uliosombwa na maji kutoka mlimani, na mkaa huo unaweza kupimwa umri kwa njia ya kaboni. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya 1863, na anayevikuta hutakiwa kutoa taarifa. Mwombe mwendeshaji afunge kijiko kisicho na meno. Meno huchana ukuta wa shimo, na hapo ndipo saa zenu zinapopotelea, kwa kuwa lazima usafishwe upya kwa mwiko kabla ya kuchorwa.

Mzee wa Kilema
Wanangu, msikimbilie jiko. Miteremko yetu imejaa mifongo, yaani mifereji ya jadi ya kupeleka maji mashambani, na mfongo ulioachwa hujaa tope na majani hadi ukawa mweusi. Tazameni umbo: ukiwa umebonyea kama bakuli, na chini yake kuna mchanga laini, hayo yalikuwa maji. Hata hivyo uchorwe, kisha waulizwe wazee ulikuwa wa ukoo gani.

Msimamizi wa Mitaro, Moshi
Asante, Mzee. Asubuhi tumetazama: umebonyea, na mchanga upo. Shimo la pili, hatua kumi kuelekea mteremko, limeukuta tena. Vigae vimetiwa mfukoni vikiwa na namba, na mtaalamu ameniomba nimpeleke kwa mzee wa jirani.