Naomba ushauri: maambukizi ya homa ya ini kwa wagonjwa wanaosafishwa damu

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mama yangu mdogo, mkaazi wa Unguja, husafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, na kipimo chake cha homa ya ini aina ya C, ambacho mwanzoni kilikuwa safi, sasa kimeonesha maambukizi; wagonjwa wengine wawili wa zamu yake wamekutwa na hali hiyo hiyo. Mkono wa kiti chake niliwahi kuuona una doa la damu iliyokauka, jambo linalonitia wasiwasi mkubwa.

Ninavyofahamu, jenomu ya kirusi hiki (yaani maandishi yake yote ya urithi), yenye herufi 9,600 hivi, hubadilika haraka, kwa hiyo virusi vinavyokaribiana mno baina ya wagonjwa huashiria chanzo kimoja, ingawa ni lazima matokeo hayo yasomwe pamoja na daftari la zamu, mashine zilizotumika na chupa za dawa walizogawiwa wagonjwa zaidi ya mmoja.

Matibabu ya vidonge hatutaki yacheleweshwe, lakini yakishamaliza kirusi hakutabaki cha kulinganisha. Je, tuombe damu yake ihifadhiwe kwenye baridi kali kabla hajaanza dozi, na ombi la uchunguzi tulipeleke kwa nani bila kufichua siri za wagonjwa wenzake?