Anayetoza kiingilio apige laivu: nimetoka kuwaangalia Pink Floyd wakiwa Pompeii

Mkazi wa Keko
Wadau, jana usiku nimeirudia ile filamu ya Pink Floyd wakipiga Pompeii, Italia, Oktoba 1971. Kwa asiyeijua: Waingereza wanne wamepanga maspika katikati ya uwanja wa kale wa Warumi, kwenye mji uliofukiwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79. Mtazamaji hakuna. Ngazi za mawe tupu, jua, vumbi, nyaya zimelala chini. Kuna mahali mpiga ngoma, Nick Mason, kijiti kinamchomoka kinaruka zake. Anachukua kingine na mdundo haukatiki. Nimerudisha hapo mara nne. Hana wa kumpigia makofi, lakini anapiga kama roho yake iko rehani.

Sasa wiki iliyopita nimetoa elfu thelathini kuingia shoo moja hapa mjini. Msanii kapanda, wimbo unatoka kwenye kompyuta na sauti yake humo humo, yeye kazi yake kuruka na kutuelekezea maiki. Kipande kimoja maiki ilikuwa kiunoni na sauti inaendelea. Nauliza: anayetoza kiingilio si alazimike kupiga laivu? Au aandike kwenye bango kwamba anaimba juu ya CD, tujue tunalipia nini.

Binti Ilala
Kaka, hata hiyo filamu si yote ya Pompeii. Nyimbo nyingine walipigia studio Paris, zikaunganishwa. Kwa hiyo hao wako nao walichanganya. Halafu watu wa Dar tunalipa tucheze. Nani asimame viwanja vya Leaders dakika ishirini anasikiliza kinanda? Ndiyo maana bendi za wazee zimekimbiwa: wimbo mmoja robo saa, wanavuta muda bia zinunuliwe.

Mkazi wa Keko
Hao wangu hawakumdanganya mtu. Paris napo walipiga wenyewe, vidole unaviona kwenye nyuzi. Kurekodi mahali pawili na kufungua mdomo juu ya CD ni vitu viwili tofauti, usivitie chungu kimoja.

Tumba la Chang'ombe
"Wanavuta muda bia zinunuliwe." Mdogo wangu, hilo neno limeniuma. Wimbo wa dansi una sehemu mbili: kwanza mashairi, unakaa usikilize kisa, kisha chemko, magitaa yanajibizana, domo la bata, yaani saksafoni, linaingia, ndipo unainuka. Ukikata chemko umekata wimbo. Siku moja ukumbi wa TCC Chang'ombe mpiga gitaa la solo alikatikiwa na uzi chemko likiwa limepamba moto. Mwenzake wa ridhimu akapanda juu akamshikia zamu, jamaa akachuchumaa pembeni, tochi mdomoni, akafunga uzi mpya, akaukaza kwa sikio huku kelele zote zile zinaendelea, akarudi. Waliokuwa wanacheza hawakujua kitu. Hiyo ndiyo unaita kuuza bia?

Promota mdogo
Naombeni mniangalie na mimi. Bendi ni watu kumi na wawili: nauli, chakula, mazoezi, mafundi mitambo, saa tatu za kupanga vyombo. Msanii na DJ ni watu wawili na flashi. Mkitaka laivu, kiingilio kipande mara mbili. Mtalipa?

Sikinde Damu
Tumba umesema kweli. Mwimbaji Muhidin Gurumo anaanzisha bendi ya Sikinde mwaka 1964, kompyuta ilikuwa wapi? Watu walipiga mpaka alfajiri.

Msondo wa Temeke
Usitupotoshe! 1964 ni bendi ya NUTA Jazz, ikaja kuitwa JUWATA, kisha OTTU, ndiyo Msondo Ngoma ya leo. Sikinde, yaani Mlimani Park, ni 1978. Marehemu Gurumo alipita kotekote, lakini kwao ni Msondo, na ndiko alikorudi.

Sikinde Damu
Nimekosea mwaka, sawa. Lakini mtu aliyezipa Sikinde na Msondo sauti yake usimgawe kama mirathi.

Msondo wa Temeke
Sigawi. Nasahihisha. Watoto wanasoma hapa.

Mkazi wa Keko
Jamani, turudi. Gilmour, mpiga gitaa wa Pink Floyd, alirudi uwanja ule ule Julai 2016, safari hii na watu wamesimama mbele yake. Umri umekwenda, nywele zimepungua, na bado anapiga mwenyewe. Mimi naomba hicho tu.

Binti Ilala
Kwanza nani kakwambia mimi ni mdogo wako, Tumba? Nina miaka arobaini na mbili. Baba alikuwa Msondo damu, Jumapili alinipandisha juu ya kreti la soda karibu na jukwaa ili nione. Nilikuwa naangalia mkono wa mpiga tumba mpaka macho yanauma. Chemko nalijua. Nilichosema ni kwamba leo hawaji watu, na linaniuma kuliko linavyokuuma wewe.

Tumba la Chang'ombe
Dada, la umri nalifuta, samahani. Huyo mzee wako ndiye aliyekuwa akikaa upande wa besi, na kofia ya kahawia? Maana yule mtoto wa kwenye kreti namkumbuka.