Kariakoo au mall: nyie choo kinawaamulia?

MamaPacha
Habari za humu. Nina pacha wa miaka mitatu na kila mwisho wa mwezi nagombana na nafsi yangu: nishuke Kariakoo au niende Mlimani City? Kwa bei hakuna mjadala, Kariakoo wanakupunguzia mpaka mwenyewe uone haya. Lakini mtoto akisema "mama, kojo" katikati ya Mtaa wa Kongo, hesabu zote zinavurugika. Jumamosi nilizunguka na mmoja mgongoni mpaka nikapata choo kwenye jengo moja la maduka. Mia tatu kila kichwa, watatu 900. Ndani ndoo moja, kopo limepasuka, mlango unauzuia kwa mguu, sabuni hakuna. Nikarudi nyumbani viatu vya shule vya kaka yao sijanunua.

Mzee wa Bei
Mnadeka. Kwani kabla Mlimani City haijafunguliwa 2006 mlikuwa mnanunua wapi? Kiatu nilichopata Kariakoo kwa 15,000 nimekikuta kwenye viyoyozi 35,000. Hiyo tofauti unaingia choo cha mia tatu zaidi ya mara sitini. Mimi nikibanwa napita msikitini, natawadha, naswali kabisa, naendelea na mizunguko.

BintiMagomeni
Mzee wa Bei, wewe mwanaume. Msikiti wenye sehemu ya wanawake haupo kila kona, na ukiwa kwenye siku zako je? Mimi siku ya Kariakoo hata chai sinywi. Naingia saa tatu, saa tano nimeshatoka, orodha mkononi. Duka la kumi sifiki, hata kama ndilo lenye bei ya kweli. Mall nakaa mpaka jioni na kununua nisivyopanga. Kwa hiyo kote naliwa, ila mall naliwa nikiwa nimetulia 😂

Muuza Vitenge
Nasema kama mwenye duka. Jengo letu lina fremu zaidi ya thelathini, choo kimoja, ufunguo anakaa nao mlinzi. Zamani mteja akiuliza nilikuwa nasema hakuna. Mwaka jana akaja mama wa Lubumbashi, mnunuzi wa jumla, ameshachagua majora kumi na mawili. Akaomba choo, nikamwelekeza cha kulipia mtaa wa pili. Mpaka leo namsubiri. Sasa tumeungana wenye fremu wanne, kila mmoja 5,000 kwa wiki, tunamlipa dada wa usafi na madumu ya maji yakikatika. Ufunguo wa pili ninao mimi.

Konda Mstaafu
Sisi wa mabasi tuliyajua haya kitambo. Njia ya Dar–Arusha abiria anasahau wali wa hotelini, choo hasahau. Gari linalosimama penye choo safi, akina mama wanaliulizia kwa jina pale stendi ya Magufuli. Gari la kuchimba dawa vichakani linabakiwa na vijana.

Mbongo wa Houston
Huku Texas kuna vituo vya mafuta vinaitwa Buc-ee's. Wanaweka mabango barabara kuu kusifia vyoo, na kile cha New Braunfels kilipata tuzo ya choo bora Marekani mwaka 2012. Choo ni bure, lakini ukitoka unapita katikati ya nyama kavu, peremende na fulana. Sijawahi kutoka mikono mitupu.

Mzee wa Bei
Kumbe ndiyo maana ni bure.

MamaPacha
Muuza Vitenge, duka lako liko mtaa gani?

Muuza Vitenge
Njoo PM dada. Ila viatu vya shule sina, ni vitenge tu na ufunguo.