Kilo 10 ndani ya wiki sita: inawezekana bila kujiumiza?

Wa_Pasiansi: Habari zenu wakuu. Namwulizia mdogo wangu, miaka 31, kilo 92, urefu sentimita 162, kazi ya kukaa. Harusi yake ni wiki sita zijazo. Hapa Mwanza anashauriwa njia tatu: chai ya sanamaki asubuhi na usiku, kujifunga nailoni tumboni halafu apande mlima wa Bugando, au siku tano za maji matupu. Anatumia dawa ya presha. Kipi kina faida, kipi cha kuacha?

Sahani_Nusu: Kwanza hesabu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kalori 7,700 hivi. Kilo 10 ni 77,000, gawa kwa siku 42 unapata 1,833 kwa siku. Mwili wa mdogo wako unatumia takriban 2,100. Anabaki na 270 za kula, yaani ugali wa ngumi moja, mkavu, kutwa nzima. Hapo jibu umeshalipata.

Ila mizani itashuka wiki ya kwanza hata kwa ujanja mbovu, na ndiyo maana wauza chai hawakosi wateja. Ini na misuli vinatunza akiba ya wanga kama nusu kilo, na kila gramu imeshikilia gramu tatu za maji. Ukikata ugali, wali na chapati, akiba inaliwa na maji yake yanatoka kwa mkojo: kilo moja na nusu, hata mbili. Pilau ya Jumamosi tu, zimerudi.

Dirisha_la_Dawa: Sanamaki inafanya kazi kwenye utumbo mpana. Chakula kinakuwa kimeshafyonzwa huko juu, kwenye utumbo mwembamba, kwa hiyo kalori zimeshaingia. Kinachotoka ni maji na potasiamu, madini ambayo misuli na moyo vinayahitaji. Potasiamu ikishuka misuli inakakamaa na moyo unapiga ovyo. Kama dawa yake ya presha ni ile ya kukojoza, anapoteza kwa milango miwili. Sanamaki ni ya choo kigumu, siku chache tu.

Nailoni inazuia jasho kukauka, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Lita moja ya jasho ni kilo moja, anairudisha akinywa maji. Kufunga siku tano huku anameza dawa ya presha ni kutafuta kuanguka bafuni: presha inashuka, dozi iko palepale.

Mbishi_Nyakato: Wakuu, msiponde kila cha haraka. Utafiti wa Melbourne uliochapishwa 2014 ulilinganisha waliopungua kwa wiki 12 na waliopungua kwa wiki 36. Baada ya miaka kama mitatu, makundi yote mawili yalikuwa yamerudisha karibu 70% ya uzito uliopotea. Uingereza nao, 2017, waliwapa wenye kisukari aina ya pili kalori 825 hadi 853 kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano. Baada ya mwaka, 46% walikuwa na sukari nzuri bila dawa. Haraka ina faida zake, na mtu akiona matokeo anapata moyo wa kuendelea.

Dirisha_la_Dawa: Kweli, lakini hao wa Uingereza walisimamiwa, na dawa za presha na sukari zilisimamishwa siku ya kwanza kwa maelekezo ya daktari. Ongeza na nyongo. Ukikosa mafuta kabisa kwenye chakula, mfuko wa nyongo haujikamui, nyongo inalala, na ini linaendelea kumwaga kolesteroli humo. Yanajengeka mawe. Hatari inapanda mtu akishuka zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki. Dalili ni maumivu makali chini ya mbavu za kulia, mara nyingi baada ya kula.

Wa_Pasiansi: Sasa ale nini, na ategemee kilo ngapi?

Sahani_Nusu: Kalori 1,400. Sato wa nusu kilo, ukitoa kichwa, matumbo na miba, anabaki na nyama gramu 170 hivi, protini kama 34. Achemshwe na nyanya, kitunguu na limao. Akikaangwa anakunywa mafuta, na kijiko kimoja cha chakula ni kalori 120. Mafuta asifute kabisa: kijiko kimoja kwenye mboga mchana, kwa ajili ya ile nyongo. Unga gramu 70 kwa ugali wa mchana, mchicha nusu sahani. Jioni dagaa wakavu gramu 40 na kiazi kitamu kimoja. Asubuhi mayai mawili na papai. Soda na chai ya sukari aache. Mazoezi ya kunyanyua uzito mara tatu kwa wiki, la sivyo mwili unakula na misuli.

Hapo anashuka karibu kilo 4 za mafuta na 2 za maji. Presha apime kila asubuhi, na kabla ya kuanza amwone daktari wake kuhusu dozi. Gauni fundi alipime wiki ya tano na aache sentimita tatu kwenye mshono.