Sanamu ya shaba nyeusi bustanini imeota ukijani: tuisugue ing'ae?

kamati_ya_bustani
Wakuu, bustani ya zamani ya mji wetu hapa Pwani ina sanamu ya shaba nyeusi, kichwa na mabega, juu ya kitako cha mawe ya matumbawe. Imeota ukijani, na kwenye mikunjo ya nguo kuna unga wa kijani mpauko. Wenzangu wanataka kuisugua kwa stili waya na dawa ya kung'arishia shaba. Kitako nacho kina nyufa, tuzibe kwa saruji?

mhifadhi_metali
Stili waya msiiguse kabisa. Inakwangua, na chembe zake zinabaki kwenye shaba na kuota kutu. Ukijani mgumu, ulioshika vizuri, ni ngozi inayokinga metali. Mkiutoa, shaba iliyo wazi inaanza kuliwa upya, na kila mng'arisho unakula kope, vifungo na herufi.

Wasiwasi ni huo unga. Chumvi ya bahari inaingia kwenye vitundu vya shaba. Ikipata unyevu na hewa hutengeneza asidi, asidi inakula shaba, na chumvi ileile inabaki kuendelea na kazi. Ndiyo maana kuufuta tu hakuponyi. Uondoeni kwa brashi laini kukiwa kukavu, pigeni picha, kisha mtazame tena baada ya siku za unyevu. Ukirudi palepale, mwiteni mtaalamu: dawa yake, benzotriazoli, ni sumu.

Sehemu zisizo na unga huo zinaoshwa hivi: lowesheni kitako kwanza, mawe yasije yakanyonya maji machafu. Tumieni maji ya mvua au ya bomba, si ya kisima chenye chumvi, na sabuni laini isiyo na klorini, kijiko cha chai kwa lita 5. Anzieni juu. Kinyesi cha ndege kilowekwe kilainike, kisikwanguliwe. Pampu ya presha hapana. Ikikauka kabisa, pakeni nta ya mikrokristalini (nta ya mafuta ya petroli wanayotumia wahifadhi), safu nyembamba, kisha mfute kwa kitambaa cha pamba. Karibu na bahari rudieni mara mbili kwa mwaka. Vanishi inabanduka kwa mabaka na kufungia maji chini yake. Grisi inanasa vumbi.

fundi_chokaa
Saruji hapana. Ni ngumu kuliko matumbawe na haipitishi unyevu vizuri, kwa hiyo maji yanatafuta njia kupitia jiwe, chumvi inaganda ndani na uso unamomonyoka. Kwaruzeni lipu iliyolegea, lowesheni ufa, jazeni chokaa 1 kwa mchanga 3 uliooshwa (wa ufukweni usitumike), kisha mfunike kwa magunia mabichi siku kadhaa. Chokaa ikikauka haraka inapasuka.

Kagueni pia matundu ya kutolea maji chini ya sanamu. Yakiziba, vyuma vya ndani vinaota kutu, vinavimba na kuipasua shaba.

posta_dsm
Nyongeza kuhusu rangi: mara nyingi kiwanda huipa shaba rangi yake kwa kemikali na moto, kwa hiyo ni sehemu ya kazi ya msanii. Fikirieni Sanamu ya Askari pale Posta, Dar es Salaam, kazi ya James Alexander Stevenson iliyozinduliwa 1927. Ing'arishwe kama sufuria, na mikunjo ya sare inapotea machoni kwa mwako wa jua. Kabla ya kugusa chochote, ulizeni Idara ya Mambo ya Kale kama sanamu yenu inalindwa kisheria, na mpige picha pande zote nne.